Bigijii Isiyo na Sukari

Baba yangu alipostaafu kiwandani alikuja kuishi nasi Bigwa, na kabla hata hajafungua masanduku yake nilijua kwamba meno ya binti yangu yameingia hatarini. Maisha yake yote ya kazi baba alichemsha maji ya miwa katika matangi mpaka yakaganda chembe. Kwake sukari ilikuwa heshima. Tena alikuwa na kidonda cha moyoni. Mimi nilikulia miaka ya foleni, wakati mtu aliyeshinda akipika sukari alirudi nyumbani kunywa chai isiyo na sukari na watoto wake.

Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa pipi za kila rangi, kutoka nchi ambazo hata mwenye duka hakuzijua. Baba alimnunulia mjukuu wake za kila aina. Nikimkataza, alinijibu kwa upole:

"Wewe uliikosa. Huyu asiikose."

Nilizificha pipi, akaanza kumpa mtoto njiani, wakitoka chekechea. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, basi nikamkalisha baba nikamweleza kwamba mdomoni mna vijidudu, vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa meno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema vijidudu hivyo vina akili, vinajua kitu kizuri. Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni mimi niliyemwona mtoto akitafuna chakula kwa upande mmoja.

Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja likizo kutoka Finland alikokuwa akisomea uuguzi. Alileta makopo ya bigijii. Alinieleza kwamba haikutiwa sukari ya kawaida bali zailitoli, utamu unaotengenezwa kutokana na miti ya huko kwenye baridi. Ni tamu vilevile, ila vile vijidudu haviwezi kuigeuza asidi, na kule kutafuna kunaleta mate yanayosafisha meno. Watoto wa huko hutafuna baada ya kula. Lakini akasisitiza kwamba haichukui nafasi ya mswaki, haizibi jino lililokwisha kutoboka, na mtu akiila kwa wingi inachafua tumbo.

Yote hayo aliyasema sebuleni, mbele yetu sote. Katika nyumba yangu ni kama niliyasikia peke yangu. Mume wangu alitoa hitimisho lake kwamba basi mtoto ale pipi atakavyo, mradi ashushie na bigijii. Nilimweleza upya, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Akaitikia huku akisoma gazeti.

Baba naye aliuliza, "Sukari ya kuni?" Akachukua moja aijaribu, akaitafuna kwa meno machache aliyobaki nayo, macho kayafumba. Mwishowe akasema, kama fundi anayehukumu kazi ya fundi mwenzake, kwamba ni tamu kweli na inaacha ubaridi mdomoni. Nikafurahi. Nilidhani nimeshinda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni mjini. Niliporudi nilikuta kopo zima tupu, na kiti cha baba hakina mtu. Alitoka chooni akishika ukuta, jasho linamtiririka.

"Sukari yangu mimi," akaniambia, "haijawahi kumkimbiza mtu chooni."

Kufikia Jumapili jioni Bigwa nzima ilikuwa na habari ya sumu iliyoletwa na wifi yangu. Wifi aliondoka kwa aibu isiyokuwa yake. Makopo yaliyobaki niliyafungia kabatini. Mchana mtoto alitafuna bigijii chini ya macho yangu. Alasiri alilamba pipi chini ya macho ya babu yake.

Ufizi wa gego la mtoto ukavimba wakati wa mitihani. Mimi nilikuwa nasimamia, mume wangu alikuwa Dakawa kwenye utafiti wake wa mpunga, kwa hiyo baba ndiye aliyempeleka hospitali. Yaliyotokea huko alinisimulia mtoto mwenyewe: babu aliambiwa amshike mikono, na jino lilipong'olewa, aliyelia ni babu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kakaa barazani, mtoto kalala begani pake, shavu limevimba. "Daktari anasema ni pipi," akaniambia, kama ananipa habari mpya.

Nilidhani sasa nitapumzika. Kumbe baba alikuwa amepata kazi nyingine. Alimwendea mwenye duka akamwamuru asiwauzie watoto pipi. Aligombana na akina mama wa jirani, akiwahubiria vijidudu na asidi kana kwamba amevigundua yeye. Mmoja wao aliniuliza kwa siri kama mzee wangu alipata kuwa daktari wa meno. Ufunguo wa kabati aliudai, akawa yeye ndiye anayegawa bigijii baada ya chakula, mojamoja. Asubuhi na jioni alisimama nyuma ya mtoto na taulo mkononi mpaka amalize kupiga mswaki. Wifi alituma makopo alipoweza. Yalipokosekana, nilinunua bigijii ya mjini. Baba aliionja, akagundua ina sukari, akanirudisha nayo dukani.

Meno ya ukubwani yakaota, na hata moja halikutoboka. Sijui tushukuru mswaki, au bigijii ya wifi, au kukoma kwa pipi. Vyote vilikuja kwa mpigo, na mtu aliyesoma sayansi hawezi kuvitenganisha. Baba hana shaka hiyo. Wageni wakija, humwita mjukuu wake afungue mdomo waone. Naye anafungua kwa haya, msichana mkubwa sasa. Nimemwomba baba aache. Ananijibu kwamba mtu hafichi kazi yake.