Mwanamke Aliyeishi Karibu na Zahanati

Kazi yangu ni hesabu. Najenga modeli kwenye kompyuta ya kukadiria saratani ya mlango wa kizazi itapungua kiasi gani mkoani kwetu tukiwachanja wasichana na kuwapima mama zao mapema. Mwanamke anayeishi karibu na zahanati, modeli inampa nafasi kubwa ya kupimwa. Sehemu hiyo nilikuwa nikijivunia sana.

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, aliishi karibu na zahanati kiasi cha kusikia watoto wakilia wanapochomwa sindano. Hakupimwa hata mara moja. Mhudumu pekee aliyefundishwa kipimo kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kumulika taa alikuwa mume wa binti yake. Na nyumbani kwetu mkwe hata chakula hali mbele ya mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Hebu niambie, angevuaje nguo mbele yake? Kwenye modeli sikuwa na mahali pa kumweka mkwe.

Alipoanza kutokwa damu alisema ni utu uzima tu. Akavuna ulezi wake, akaupura, akauanika. Tulipomfikisha hospitali, Sumbawanga mjini, daktari aliniita pembeni, nikajua kabla hajafungua mdomo. Nilikasirika. Niliikasirikia heshima yetu, nikaikasirikia kompyuta, nikamkasirikia na mama mdogo.

"Mama, si ungeniambia nikupeleke kwingine?" nilimuuliza tuliporudi nyumbani.

"Watu wangesema namkimbia mkwe wangu kwa kuwa hawezi kazi," akajibu. "Mjukuu si nilimpeleka mwenyewe akachanjwa? Nilisimama nje ya uzio wa zahanati mpaka akatoka. Yeye hatapata haya."

Kila jioni mkwe alileta dawa ya maumivu, akaiacha mlangoni, akaondoka. Alikonda kama yeye ndiye mgonjwa. Jioni moja, mkwe akiwa bado mlangoni, maumivu yalimzidi mama mdogo, akaita kwa sauti kidogo iliyobaki.

"Baba, ingia."

Mkwe aliingia macho chini. "Shikamoo, mama." Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Mama mdogo alimtazama, akasema taratibu, "Kumbe mikono yako haiumizi."

Mkwe akalia palepale, mbele yake.