Sahani Isiyo na Chumvi

Kila mwaka, mvua za Oktoba zilipokuwa zikikaribia kuisha, Ianthe Quashie alipanda kilima cha Harvey Vale na funguo mbili mfukoni mwa aproni yake. Alifungua madirisha ya mbao ya ile nyumba ya buluu, akatoa magodoro juani, akafagia vinyesi vya mijusi, kisha akachungulia kwenye tangi la maji ya mvua asije akawa ameingia chura. Hapa Carriacou, kisiwa chetu kidogo cha Karibi, hatuna mto. Maji yako ni yale yaliyoangukia bati lako, na chura mmoja aliyekufa anaweza kukuharibia maji ya miezi mitano.

Baada ya hapo alishuka nyumbani kungoja wageni wa baridi.

Ndivyo tulivyowaita wale wazee wa Kanada waliokimbia theluji yao mwezi wa Novemba na kukaa nasi hadi Pasaka ipite. Karibu kila kilima kilikuwa na wageni wake. Wa Ianthe walikuwa Lorne Pettigrew, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na mkewe Maude. Miaka kumi na minne aliwafulia, akawafagilia, akawapikia chakula cha mchana. Cha jioni Bi Maude alipika mwenyewe, na chanzo cha hayo yote kilikuwa chumvi.

Bwana Lorne alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari wake alimkataza chumvi kabisa. Bi Maude aliitii amri ile kuliko daktari mwenyewe. Alificha kopo la chumvi juu ya kabati, nyuma ya mishumaa. Ianthe naye akawa anakuja na chumvi yake kutoka nyumbani, ameivingirisha kwenye kipande cha karatasi. Mimi ni jirani wa Ianthe, nilikuwa nikiwapelekea mkate asubuhi, na mara ngapi sijui niliwakuta jikoni wakibishana.

"Ianthe, nimeonja huu mchuzi."

"Umeuonaje, Bi Maude?"

"Umetia chumvi."

"Bahari iko pale chini. Upepo ndio umeileta."

"Upepo wa huku una akili sana. Unaingia kwenye sufuria tu, kwenye chai hauingii."

Ianthe aliweka mikono kiunoni. "Sasa nikwambie ukweli. Kwetu hapa chakula kisicho na chumvi tunawapikia wafu."

"Basi mimi na Lorne tulikufa zamani," Bi Maude akasema, "na unavyotuona hatujambo."

Wakacheka mpaka Ianthe akakaa chini kwenye ndoo. Ndivyo walivyokuwa. Alasiri walikaa barazani wakishona vitambaa vya viraka, na kuanzia Januari, mavuno yakishaisha na sisi kufungulia kondoo wetu wajitafutie, wawili hao waliwafukuza pamoja kutoka kwenye maua ya Bi Maude, mmoja na ufagio, mwingine na kofia. Bi Maude hakupata kuelewa kwa nini kisiwa kizima kinaachia kondoo kwa makusudi. Alisema ataiandikia serikali. Hakuandika.

Mwezi wa Septemba, mwaka wa kumi na tano, posta walimletea Ianthe barua ya mistari mitatu. Maude amefariki tarehe kumi na moja Agosti. Hakuteseka sana. Nitakuja nikiweza. Lorne.

Ianthe alifungua nyumba Oktoba kama kawaida. Novemba ikapita, Krismasi ikapita, juisi nyekundu ya maua ya choya aliyotengeneza ikachacha. Bwana Lorne alishuka kwenye meli ya Grenada katikati ya Januari, na begi moja, na koti limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

Barazani Ianthe alikuwa ameweka viti viwili. Bwana Lorne aliviangalia, akakichukua kimoja, akakirudisha ndani.

"Amezikwa wapi, Bwana Lorne?" Ianthe aliuliza siku ya tatu. Alikuwa amejizuia siku tatu nzima.

"Hakuzikwa. Alichomwa, alitaka mwenyewe. Majivu mdogo wake ameyamwaga ziwani."

"Na jiwe la kaburi?"

"Hakuna jiwe, Ianthe." Akaingia chumbani, na tangu hapo jina la Maude halikutajwa tena katika nyumba ile. Mlango wa chumba cha kushonea, alichokipenda mkewe, hakuufungua hata siku moja.

Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua lile neno lilimchoma Ianthe kiasi gani. Sisi tunaweza kukaa miaka kumi tukijinyima ili baba apate jiwe lake, na siku ya kulisimamisha tunapika chakula cha kulisha kisiwa kizima. Mtu asiye na jiwe atarudi wapi? Atasimama wapi aseme hapa ni kwangu?

Juu ya hayo, Bwana Lorne hakula. Ianthe alimpikia samaki wa kukaanga, mbaazi, kuku wa kitunguu na pilipili, akizidisha viungo kila siku, na chumvi pia, kwa kuwa sasa hakukuwa na wa kumkataza. Sahani zilirudi jikoni tupu, na yeye akashukuru Mungu, hadi mchana mmoja alipozunguka nyuma ya nyumba akakuta kondoo watatu wamesimama chini ya dirisha la mzee, mmoja ana wali puani.

Wiki ile ndipo alipoanza kumwota Bi Maude. Mara tatu, ndoto ile ile. Bi Maude amesimama jikoni na kofia yake ya majani, anafunua sufuria moja, anachungulia, anafunika. Anafunua nyingine, anafunika. Hasemi kitu.

Kwa watu wetu ndoto ya namna hiyo haihitaji mfasiri. Wafu wakitaka chakula huja kukuambia, nawe unawatandikia sahani. Ianthe akateremka kwa dada yake mkubwa, Verlyn, fundi cherehani, anayejua taratibu hizo kuliko padri anavyojua misa.

Verlyn alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Kwani na wazungu wakifa wanasikia njaa?"

"Dada, usinitanie."

"Sikutanii. Sahani hutandikwa na ndugu wa marehemu. Wewe ni ndugu yake? Wewe ulikuwa unamfulia mashuka."



"Nani mwingine anayejua alichopenda kula?" Ianthe akasema.

"Mumewe."

"Mumewe hata jina hataki lisikike. Na watoto hawakupata. Nikimwacha hivi atafunua sufuria mpaka lini?"

Verlyn alikata uzi kwa meno. Akainuka, akafungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe cha meza kilichopigwa pasi. "Usiseme nimekupa mimi. Sasa sikiliza. Usionje. Usitie chumvi hata chembe. Mlango usiufunge kwa ufunguo, maana utamfungia huyo huyo unayemwalika. Na mtu hai asiguse mpaka jua litoke. Likishatoka, ndugu wanagawana kilichobaki. Mtu akigusa kabla, marehemu anakuwa amealikwa na kunyang'anywa. Huyo hatatulia tena, na wewe hutatulia."

Jumamosi moja ya Februari Ianthe alipika tangu saa nne asubuhi. Alisonga ugali, akauviringisha kama mpira. Akachemsha kuku, akapika mbaazi na wali, akatengeneza juisi mpya ya choya, akakata stafeli. Kila alipoinua mwiko, mkono ulitaka kwenda mdomoni kuonja, akaushika kwa mkono wa pili. Jua lilipoanza kushuka alitandika kile kitambaa juu ya meza ya chumba cha kushonea, akapanga vyakula, glasi ya maji na kikombe kidogo cha ramu, akawasha mshumaa. Akamwaga maji kidogo kizingitini.

"Karibu ule, Bi Maude," alisema. "Haina chumvi, naapa. Umeshinda wewe."

Akaurudisha mlango bila kuufunga. Bwana Lorne alikuwa barazani, ameipa bahari mgongo. Ianthe alifikiria kumwambia asiingie kule, akaona atalazimika kumweleza sababu, na sababu ina jina ambalo mzee hataki kulisikia. Tena chumba chenyewe hakukikaribia tangu aje. Akamwambia tu, "Chakula chako kiko jikoni, Bwana Lorne," akashuka.

Asubuhi alipanda mapema, amekwisha kuvaa gauni la kanisani. Jua lilikuwa limeshapita juu ya bati. Jikoni chakula cha mzee kilikuwa kama alivyokiacha. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi.

Bwana Lorne alikuwa amekaa mezani, na shati la jana. Mshumaa ulikwisha. Mifupa ya kuku alikuwa ameipanga ukingoni mwa sahani, mbaazi hakuna, wali hakuna, glasi ya choya ina wekundu kidogo chini. Macho yake yalikuwa mekundu pia, lakini uso ulikuwa umetulia, jambo ambalo Ianthe alikuwa hajaliona tangu siku ya meli.

"Umejuaje, Ianthe?" aliuliza.

"Kujua nini, Bwana Lorne?"

"Kupika kama yeye."

Ianthe akashika fremu ya mlango.

"Miaka ishirini nilimlalamikia," mzee akasema. "Nilimwambia chakula chake kina ladha ya gazeti lililolowa. Alinijibu, basi soma habari huku ukila. Tangu Agosti kila mtu ananiletea chakula kizuri, na siwezi kukimeza. Niliona mwanga chini ya mlango nikadhani umesahau mshumaa. Nikaingia kuuzima. Nikaonja." Akatikisa kichwa. "Gazeti lile lile."

Kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza. Ulikula saa ngapi, jua limetoka au bado? Mimi ningeuliza. Ianthe alilifikisha mpaka ulimini akalimeza, kwa sababu kuliuliza ni kumwambia mzee yule kwamba chakula cha kwanza kilichompita kooni kwa miezi sita amekinyang'anya mkewe.

Mzee alisogeza sahani ndogo upande wa pili wa meza. Ilikuwa na kipande cha ugali na nyama ya kidari.

"Hiki nilikiacha," akasema. "Kipande cha mwisho kilikuwa chake siku zote. Sijui nimekiwekea nani. Kaa ule, Ianthe. Hakuna mwingine."

Ianthe akakaa, na gauni lake la kanisani, akala kwa mkono. Ndugu hugawana kilichobaki.

Tangu siku ile Bwana Lorne hakutaka chakula cha namna nyingine. Ianthe akawa anampikia bila chumvi mchana na jioni, Februari yote, Machi yote, na mzee akala, mashavu yakarudi kidogo, mlango wa kile chumba ukawa unashinda wazi. Alianza kulitaja jina. Alikirudisha hata kile kiti cha pili barazani. Lakini Ianthe kila alipofunika sufuria aliiwaza ile asubuhi. Bi Maude hakuja tena ndotoni. Ameshiba, au amekasirika? Hakuwa na namna ya kujua.

"Unamlisha mtu mzima chakula cha wafu kila siku," Verlyn akamwambia. "Unamzoesha. Utampeleka huko waliko wafu."

"Daktari wake alisema hivyo hivyo, asile chumvi."

"Daktari wake anajua moyo. Hajui mengine."

Baada ya Pasaka tulimsindikiza Bwana Lorne bandarini. Alimshika Ianthe mikono yote miwili, akasema, "Novemba. Na uwaambie kondoo." Meli ikaondoka.

Julai ikaja barua ya mdogo wake Maude. Lorne alilala tarehe ishirini Juni, hakuamka. Nyumba itauzwa, funguo apewe wakili mjini. Ianthe alizipeleka kwa miguu, akakataa kila gari lililosimama kumchukua.

Watu walimwambia mzee alikuwa na moyo mbovu, umri wake umefika, huko kwao kulikuwa na joto la ajabu mwezi ule. Alikubali yote kwa kichwa. Siku moja tu, nilipompelekea mkate, aliniuliza, "Unadhani alikula kabla ya jua au baada?" Nilimwambia bila shaka baada. Alinitazama kama mtu anayeona unavyojaribu kumfanyia wema.

Oktoba iliyofuata hakuwa na kilima cha kupanda. Alifagia nyumba yake mwenyewe mara mbili kwa siku. Jumamosi moja akatandika meza chumbani kwake, sahani mbili safari hii, na alfajiri akakaa nje ya mlango hadi jua lilipotoka lote, juu ya mnazi, asiwepo wa kumdanganya. Kisha akamwita Verlyn.

Verlyn alikuja na viatu vya nyumbani, akakaa, akamega ugali, akatafuna polepole.

"Hakina ladha kabisa," akasema.

"Ndiyo," Ianthe akamjibu, akamsogezea sahani ya pili. "Ndivyo walivyozoea."