Mbuzi Aliyetolewa kwa Jina la Mama

Mvua za Novemba zikianza, mama alikuwa anahamisha kitanda. Nyumba yake kule kijijini, Urambo, ilikuwa na vyumba viwili na mabati aliyonunua marehemu baba miaka ile tumbaku ilipokuwa inalipa. Kutu ilikuwa imeyala mabati yale hadi ukilala chali mchana unaona mbingu. Kitanda kilianza chini ya dirisha, kikahamia ukutani, kikahamia mlangoni, na mwaka ninaousimulia kilikuwa kimefika sebuleni, kando ya magunia ya mahindi. Penye tundu aliweka sufuria. Ukimtembelea siku ya mvua, alikukaribisha kwa kukuonyesha pa kukanyaga.

Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyeahidi mabati. Alikuja Krismasi moja na mkewe, tone likamdondokea shingoni akiwa anakula, akacheka sana, akasema mbele ya majirani wote, "Mama, zawadi yako ya Krismasi ijayo ni mabati. Nyumba nzima!" Mama akapiga vigelegele. Tangu siku hiyo kila aliyepita njia aliambiwa: mwanangu analeta mabati. Hata kuziba matundu kwa nailoni aliacha. Ajisumbue kwa lipi, na mabati yako njiani?

Na mimi? Niseme mwenyewe kabla sijaulizwa. Mimi nashona nguo Gongoni, Tabora mjini, na kazi hainitupi. Ningejibana, ningemwezekea mama angalau chumba kimoja. Lakini nilikuwa na kinyongo. Mama akiumwa, mimi ndiye ninayepanda basi. Shamba likikosa mtu wa kulima, mimi ndiye ninayetafuta kibarua. Halafu bwana mkubwa anapiga simu dakika tatu Jumapili, na kijiji kizima kinaambiwa ana mapenzi na mama yake. Nikasema moyoni, mabati ni yake, alijitangaza mwenyewe, basi alete au aaibike. Mama alipokuwa ananigusia habari ya paa nilimjibu hivyo hivyo kila mara: "Subiri, si amesema analeta?"

Wiki ya Krismasi akanipigia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimemtumia mama zawadi yake kwa basi. Ni bahasha. Ukienda nyumbani umpelekee."

Bahasha! Mabati hayaingii kwenye bahasha, lakini risiti inaingia. Nikajua amelipia duka la vifaa vya ujenzi, kilichobaki ni kwenda kuchukua mzigo. Niliipokea stendi, karatasi nzuri nzito, imegundishwa vizuri. Sikuifungua, maana haikuwa yangu. Ila kimbelembele changu hakikuniacha: nilimpigia fundi wa kule kijijini nikamwambia asichukue kazi nyingine baada ya sikukuu.

Nilifika siku mbili kabla ya Krismasi, saa kumi jioni. Mama alikuwa ameshafagia uwanja na kuvaa kitenge cha kanisani, kwa ajili ya bahasha tu. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, kwa hiyo akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono, akaniambia, "Haya, soma."

Ndani kulikuwa na kadi. Mbele ya kadi, picha ya mbuzi mweupe amefungwa utepe mwekundu shingoni. Nikasoma: "Mpendwa Mama, Krismasi hii, badala ya zawadi ya kawaida, mbuzi mmoja ametolewa kwa jina lako kwa familia yenye uhitaji. Asante kwa kugusa maisha." Chini, sahihi ya mdogo wangu. Nikaigeuza kadi. Nikaikung'uta bahasha. Nikachungulia ndani yake kama mtu anayetafuta sindano. Hakukuwa na kitu kingine.

"Soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena.

"Kwa jina langu?"

"Ndiyo, mama."

"Kama marehemu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa hasira, lakini nilicheka. Mama hakucheka hata kidogo. Kwetu, kitu kikitolewa kwa jina la mtu, mtu huyo ameshakwenda. Kanisani padri anasoma misa imetolewa kwa jina la fulani, na fulani yuko makaburini. Majirani zetu Waislamu wakichinja kwa jina la fulani, ni arobaini yake. Aliye hai hatolewi kitu kwa jina lake, anapewa mkononi. Mtoto yeyote wa kule anajua hivyo, na mdogo wangu alikuwa anajua kabla Dar haijamsahaulisha.

Nikatoka nje kumpigia. Nikamwuliza mabati yako wapi. Akaniambia kwa sauti yake ya upole, ile ya kikao cha ofisini, kwamba mwaka huu pale kazini wote wamekubaliana kuacha zawadi za anasa, kila mmoja atoe kwa wenye uhitaji kwa niaba ya wazazi wake.

"Anasa?" nikamwambia. "Mabati ni anasa?"

"Dada, elewa. Kuna watu hawana kabisa. Mama ana sisi."

Mama ana sisi! Maneno matatu, na hadi leo hayajanitoka. Mimi hapo nilikuwa nimesimama nje kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama. Akaendelea, eti na mimi nifurahi, maana kwenye orodha ya vijiji alichagua kijiji cha wajomba zetu, alikozaliwa mama, ili baraka isitoke nje ya ukoo. Mbuzi wanagawiwa leo hii. Nikamkatia simu.

Sasa hao wajomba. Wako upande wa pili wa mbuga, kwenye njia ya zamani ya misafara, na hadi kesho watakwambia mababu zao walibeba mizigo hadi pwani kwa miguu, kwa hiyo kwao hakuna safari ndefu. Siku hiyo walikuwa wamekusanyika uwanja wa shule kuangalia mbuzi wakigawiwa. Bwana mmoja wa mradi, mgeni, si mtu wa huku, akashika kipaza sauti akawa anasoma kadi moja moja. Ikafika ya mama. Akasoma jina lake, akasoma la baba yake, akasema mbuzi huyu ametolewa kwa jina lake na mwanawe aliyeko Dar es Salaam.

Mke wa mjomba mmoja akapiga yowe.

Walijaribu kupiga simu ya mama, ile ndogo ya kitochi. Ilikuwa imezimika tangu jana yake, maana kwa mawingu yale sola ya dukani ilikuwa haichaji. Simu isiyopatikana ikawa ushahidi wa pili. Namba yangu, wala ya mdogo wangu, hakuna aliyekuwa nayo. Wakafanya wanachofanya watu wenye akili zao wakifiwa: wakachanga unga, wakachanga maharage, wakafunga turubai la kikundi chao cha kuzikana kwenye pikipiki, wakaanza safari.

Kulipopambazuka nilikuwa jikoni nawasha moto. Nikasikia kilio kinatoka barabarani. Nikatoka. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine mikono kichwani, "Yoo, mayo wee! Mama umetuacha!" Mbele yao mjomba, kaka mkubwa wa mama, kofia mkononi, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Kuniona mimi na masizi usoni, na macho mekundu kwa moshi, wakazidisha. Mke wa mjomba akanirukia akanikumbatia tukaanguka wote wawili.

Mama akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani.

Kilio kilikatika palepale. Mama akawatazama, akashusha ndoo taratibu, akasema, "Karibuni msibani. Marehemu ndiye aliyekwenda kisimani."

Hapo kila mtu alifanya lake. Kuna waliokimbia. Kuna waliocheka hadi wakakaa chini. Mjomba akamshika mama mikono yote miwili, akamminya mabega, akamgusa uso, akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti kama mtoto. Alikuwa ametembea usiku kucha akijilaumu kwamba hakuwahi kuja kumwona dada yake tangu mavuno.

Mvua ikaanza. Tukaingia wote ndani, watu ishirini na kitu, na hapo ndipo wajomba walipoiona hali ya nyumba. Masufuria yalikuwa yanalia kila kona, to, to, to, kitanda sebuleni, godoro limekunjwa juu ya magunia. Mjomba akaangalia juu. Akauliza, "Na huyu mtoto wa Dar ametoa mbuzi?"

"Ametoa," mama akajibu.

"Kwa masikini?"

"Kwa masikini."

Mjomba akaomba simu yangu akapiga. "Mjomba," akamwambia mdogo wangu, "tumekuja kumzika mama yako, tumemkuta hai. Sasa utuelekeze tufanyeje." Nilimsikia mdogo wangu akicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaanza kueleza habari za kadi na lugha na nia njema. Mama akanyoosha mkono akapewa simu.

"Mwanangu, asante kwa mbuzi," akasema. "Msiba wangu nimeuona, ni mzuri, watu wamekuja wengi. Na wewe ukitaka kuja, njoo sasa. Usisubiri waitwe mara ya pili."

Sijui alijibiwa nini. Alisikiliza, akasema haya, akanirudishia simu, akaenda kupika.

Mvua ilipokata, vijana wa kwa wajomba wakapanda juu wakalitandaza lile turubai la msiba juu ya nyumba, wakalifunga kwa kamba za katani na kulikandamiza kwa mawe. Unga wa matanga tukasonga ugali, maharage ya matanga tukala. Mchana akafika mwanamke mmoja kwa miguu, peke yake, anavuta mbuzi. Ndiye aliyepewa. Mjane, umri wa mama, amevaa ndala zisizofanana. Alisema hawezi kufuga mnyama wa maiti, ameona amrudishe mazikoni achinjwe. Mama alimkaribisha kiti, akampa ugali, akamweleza maiti ni yeye. Yule mjane alicheka hadi akajifunika uso. "Nenda naye mbuzi wako," mama akamwambia. "Mimi nimeshapata turubai."

Usiku ule wa mkesha wa Krismasi kitanda kilirudi chumbani. Ilinyesha tena, nami nilimsikia mama akikoroma, jambo ambalo sikuwa nimelisikia masika mengi. Asubuhi aliniambia, "Kumbe ukifa unalala vizuri hivi." Nilimwambia aache maneno hayo siku ya sikukuu, lakini alikuwa anafurahi kweli, na ubaya wake ndio huo, alikuwa anafurahi kweli.

Turubai lilikaa wiki sita. Kisha wajomba wakapata msiba wao, wa kweli, na vijana wakaja kulifungua. Waliomba radhi sana. Mama aliwasaidia kulikunja. Niliporudi kumwona, kitanda kilikuwa sebuleni tena, na nilipomwambia sasa nitafanya mpango wa mabati akasema, "Ya nini, mdogo wako amesema Pasaka." Nikaona ahueni. Niliandike hilo kama lilivyo: niliona ahueni. Pasaka ikapita, na mimi nikanunua cherehani ya pili.

Mvua za mwaka uliofuata mama alishikwa na kifua. Tulimleta mjini hospitali, akahangaikiwa, haikuwa. Nilipopiga simu kwa wajomba, mjomba aliniuliza mara mbili, "Umemwona kwa macho yako?" Nikamwambia nimemwona. Walikuja na turubai lilelile. Nililitambua kwa kiraka cha buluu pembeni.

Na mdogo wangu akaja. Alikuja kwa gari, na nyuma ya gari lake lori. Alilia, sisemi hakulia. Alikodi viti, alileta wapishi, mbele ya watu akasema mama hakupata kupungukiwa na kitu, nami nikatazama chini kwa sababu aliyekuwa na haki ya kumsuta hakuwa mimi. Baada ya mazishi akabaki wiki nzima na mafundi wake. Lori lilikuwa limebeba saruji, vigae, nondo na mabati, mabati mapya ya msauzi, yale ya rangi, ambayo mama aliyasubiri hadi kitanda kikaishiwa pa kwenda. Walijengea kaburi vigae vyeupe, wakasimamisha nguzo nne, wakaliezeka.

Nyumba imeanguka ukuta wa nyuma. Nikienda kule siku ya mvua, nakimbilia kaburini kwa mama na kusimama chini ya paa lake hadi ikatike. Halivuji hata tone.