Vipimo vya Mdogo Wake

Fundi mwenzangu tulimwita Bi Hapana, na kwa jina hilo hakuonewa. Ukimletea picha ya gauni kwenye simu umwambie akushonee lile lile: hapana. Ukimwambia unalitaka kesho asubuhi: hapana. Siku niliyomwambia tumuunganishe kwenye kundi la mafundi la kwenye simu, ili watu tupeane habari, alisema hapana na kuongeza yake juu. "Habari gani? Watu mia mbili wanatumiana asubuhi njema zenye maua, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzake kaamkaje!"

Cherehani zetu zilipakana kwa miaka kumi na tisa, yangu upande wa mlango, yake upande wa dirisha, katika chumba cha mbele kilichokuwa zamani duka la vyombo. Kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu, mengine mpaka yakanichosha. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja, tepu ya kupimia shingoni kuanzia asubuhi hadi anapofunga. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na watoto hawakujaliwa. Mtu aliyekuwa naye hapa duniani ni mdogo wake wa kike, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, pamoja na binti wa huyo mdogo wake.

Maisha ya siku hizi yalikuwa yanamkera kama kokoto ndani ya kiatu, na hakuwa mtu wa kumeza maneno. Nguo za tayari alizisema kila siku: "Unavaa gauni lililoshonwa na mtu asiyejua hata kama una mgongo." Ofisini alishawahi kurudishwa mara tatu kwa karatasi moja kwa sababu mtandao haupatikani. "Zamani karani alikuwa mkali," akaniambia, "lakini alikuwepo." Vijana wanaopiga picha chakula mpaka kinapoa aliwaonea huruma kwelikweli. Sherehe zenye spika kubwa hakwenda tena, maana alisema amechoka kuwasalimia ndugu zake kwa nyusi. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni salamu za rambirambi za kwenye simu. "Mtu kafiwa, unamtumia kijiuso kinacholia. Machozi yenyewe mawili, tena ya kuchorwa!"

Mimi nilikubaliana naye nusu. Nusu nyingine niliona ni ukorofi tu, na nilimwambia.

Lakini kwenye kazi hakuna aliyemfikia. Bi Hapana alikuwa na sheria moja: kila mteja anapimwa upya, hata kama alipimwa mwezi uliopita. Anamsimamisha dirishani, anampitishia tepu, anataja namba kwa sauti ya kusikika barabarani, na mimi naandika kwenye daftari. "Kifua thelathini na nane! Kiuno thelathini na nne! Usivute tumbo, mama, gauni halitakuvutia!" Watu walicheka, wengine walinuna, wote walirudi. Mikono yake ilikuwa inajua mambo. Aliwahi kumwambia dada mmoja kuwa ni mjamzito kabla mwenyewe hajahisi. Kuna baba mmoja wa makamo alimpima suruali, akasimama kidogo, akamtolea uvivu: "Umepungua inchi tatu tangu mwaka jana na wala hufanyi mazoezi. Nenda hospitali." Yule baba alikasirika, akaenda, wakamkuta na sukari. Alikuja kumshukuru, na Bi Hapana akamuuliza suruali inamkaaje.

Huyo mdogo wake aliishi upande wa pili wa mji, mwendo wa kubadili gari mara mbili, akifanya kazi ya ukarani katika shule moja. Walikuwa mbalimbali kama mchana na usiku. Mdogo alikuwa mnene, mcheshi, kicheko chake kinatangulia mlangoni kabla ya yeye mwenyewe. Kila mwaka alikuja kupimwa gauni, na kupimwa kwenyewe kulikuwa kwa dakika tano. Saa zilizobaki ni za chai na kusemana mpaka jua linazama. Nyonga arobaini na sita, Bi Hapana anatangaza, na mdogo wake anajibu, "Andika vizuri, fundi, zisije zikaibiwa!"

Mwaka ule hakuja. Alituma sauti kwenye simu, nasi sote tukaisikia. "Dada yangu mpenzi, mwanetu anamaliza ualimu, mahafali ni mwezi ujao. Nataka gauni la kijani, mikono mirefu, kola ya kusimama. Vipimo tumia vile vile, unavyo kwenye daftari. Nakupenda."

"Hapana," Bi Hapana akaijibu ile simu. "Njoo nikupime."

Basi zikaanza sababu. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mitihani shuleni. Ya pili mvua. Ya tatu mgeni kaingia ghafla. Kila Jumamosi Bi Hapana alijaza chai kwenye chupa, akaweka vikombe viwili juu ya meza ya kukatia, na jioni akavirudisha kabatini vikiwa vikavu. Mdogo wake alikuwa anatuma picha, uso unang'aa, kilemba kizuri, ukikulazimisha kusema kuwa mtu huyu hana tatizo ila uvivu. Jumamosi ya tatu uzalendo ukamshinda Bi Hapana. Alikamata simu akaibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayeua kunguni.

"Sikiliza. Umekuwa mtu wa sauti na picha. Mimi sina ndugu wa kwenye simu. Kama dada yako hastahili nauli ya gari mbili, nenda kanunue gauni dukani kwa hao wasiokujua."

Nilimwambia, "Hayo makali, shoga."

"Ni ya kweli."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja halikuwa na neno hata moja. Ulikuwa ni moyo, ule moyo mwekundu wa kwenye simu, basi. Sijapata kumwona amefura vile. "Moyo! Nimemlea mimi. Nimemwosha, nimemsuka, nimemfundisha kusoma. Leo namweleza kilichonikaa rohoni, ananitumia katuni!" Akaitupa simu kwenye droo ya vifungo.

Nikamuuliza, "Si uende wewe kwake?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi ndiye mkubwa."

Hapa ndipo ninapomlaumu, na sisemi kwa kumsengenya maana yeye mwenyewe nilishampa za uso. Alizilaani simu mchana kutwa kwamba zimewatenga watu, lakini simu haikumfunga miguu. Gari zilikuwa zinapita mbele ya mlango wetu. Alichokifanya ni kukaa amekunja mikono akisubiri kufuatwa, na watu walikuwa wakifanya hivyo kabla hata waya wa kwanza wa simu haujavutwa.

Kitambaa cha kijani alikinunua hata hivyo. Wiki moja kabla ya mahafali alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwaka uliopita na kukata gauni kwa namba zile, mara ya kwanza ninayoijua. Alikata kwa hasira, mkasi unalia. Akashona kola ya kusimama, mikono mirefu, akapiga pasi, akalitundika. Lilikuwa zuri. Upana wake ulijaza dirisha.

Jumatano binti akaja kulichukua, huyo huyo mwenye mahafali.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Huyo mama yako miguu imeota mizizi?"

Binti alilishika gauni, akalinyanyua juu, akalitazama kuanzia kola mpaka pindo. Kisha akalikumbatia tumboni, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mama mkubwa, hili halitamkaa."

"Kwani kanenepa tena?"

"Aliniapisha nisiseme," akasema yule mtoto. "Aliniapisha."

Bi Hapana alisimama. Alivaa viatu vyake, akalikunja gauni, akaniambia, "Beba daftari," tukatoka watatu. Njiani binti alituambia yote, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani mwa gari. Ugonjwa ulikuwa na miezi minane. Dawa walijaribu za kila aina. Wiki mbili zilizopita daktari alikuwa amewaambia sasa wamwache apumzike nyumbani, ale anachopenda. Bi Hapana alilisikia hilo vizuri, maana nilimwona akifumba macho.

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa nusu. Juu ya kigoda kulikuwa na vidonge, glasi ya maji, na simu inachajiwa. Aliyekuwa kitandani nisingemtambua ningekutana naye njiani. Kilemba kilikuwa kile kile cha kwenye picha, lakini uso wa kwenye picha ulikuwa umetengenezwa na simu.

"Dada," akasema. "Umekuja bila kupiga simu."

Bi Hapana alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuja ungenipima."

"Ndiyo, ningekupima."

"Basi. Mikono yako ingejua kabla sijafungua mdomo. Halafu ungesema kwa sauti, kama unavyosema." Alipumzika, akavuta pumzi. "Hapa wote wananiangalia kama maiti, dada. Nilitaka abaki mtu mmoja ambaye bado ananigombeza."

"Nami nikakugombeza kweli."

"Tena vizuri! Niliisikiliza mara nne."

"Ukanijibu kwa kale kamoyo."

"Siku ile sikuwa na sauti. Dawa zilinikausha koo, na vidole vilikuwa vinatetemeka, nashindwa kuandika. Nikatuma nilichoweza."

Kwenye maisha yangu nimesikia watu wakilia kwa namna nyingi. Bi Hapana alilia bila sauti, mdomo wazi, ameushika ule mkono mwembamba kwa mikono yake yote miwili, na mdogo wake ndiye aliyekuwa anambembeleza. Mimi na binti tukajifanya tunatafuta kitu kwenye daftari. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Alipotulia, mdogo wake akasema, "Haya, nipime. Jumapili mahafalini naenda, hata kwa kubebwa."

Tulimsimamisha, binti akimshika upande mmoja. Nikafungua daftari, kalamu mkononi, nikangoja. Bi Hapana alipitisha tepu kifuani, akaifunga, akaitazama. Hakutaja namba. Aligeuka akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba mahali tepu ilipoishia, nami nikasoma mwenyewe na kuandika. Kiuno, vivyo hivyo. Nyonga, akaminya ukucha pale pale muda mrefu, kama mtu asiyeamini tepu yake. Nikaandika thelathini na tatu, chini ya arobaini na sita, kwa mwandiko ambao mpaka leo nikiuona siutambui.

Kesho yake alilifumua gauni lote. Alipolibana kwa vipimo vipya, ndani ya mishono kilibaki kitambaa cha upana wa kiganja kila upande. Fundi yeyote anajua hapo unakata. Ukiacha, mshono unakuwa mnene, nguo inavimba ubavuni, inamsumbua mvaaji. Nikamsogezea mkasi.

"Hapana," akasema.

"Litamkwaruza."

"Nitakilaza kwa mkono, kisimguse." Akaanza kukishikiza kwa sindano, mshono mmoja mmoja, taratibu. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Nikikata, akinenepa atavaa nini?"

Nilikuwa nimekaa naye kwenye gari moja, tumesikia maneno yale yale ya daktari. Huyu ndiye mwanamke aliyemwambia yule baba aende hospitali, aliyewaambia maharusi kuwa rangi waliyochagua inawazeesha, ambaye hajawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alishona mpaka vidole vikamvimba, nami nikawapokea wateja wake wote siku hiyo na kuwaambia hayupo, ilhali wanamwona.

Mdogo wake aliishi wiki tano baada ya mahafali. Lakini Jumapili ile alikwenda, na ninalotaka kulisema ni la Jumapili ile. Tulimweka kwenye kiti cha mbele, kola imesimama, mikono mirefu imemficha mikono. Spika zilikuwa kubwa kama kabati na Bi Hapana hakuzilalamikia. Binti alipoitwa jina, mama yake alitaka kupiga vigelegele akashindwa, Bi Hapana akampigia, vibaya, maana hakuzoea. Watu wakageuka kutazama.

Baadaye, muziki ulipopungua, niliona mkono wa mdogo mtu umeingia chini ya kwapa, unapapasa ubavu wa gauni. Vidole vilikipata kile kitambaa kilichokunjwa, vikakifuata kutoka juu hadi kiunoni. Alikuwa amekua chini ya cherehani ya dada yake. Alijua alichokishika.

"Dada, umeniachia kitambaa kingi."

"Ndiyo."

"Cha nini?"

Bi Hapana alitazama mbele, kule watoto walikokuwa wanapiga picha. "Cha kunenepea," akasema.

Mdogo wake kikamtoka kile kicheko chake, kidogo lakini ni kile kile. "Haya basi," akasema, "nitanenepa," akaulaza mkono wake juu ya goti la dada yake. Nikainuka nikatoka nje, kwa sababu namba niliziandika mimi.