Maneno ya Tatu

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa umeleta kompyuta na kusema utaifufua kazi ya marehemu baba yako hapa Bungu, naona ni lazima uisikie. Kaa kwanza. Chai ikipoa tutaipasha.

Wakati ule deki za kuchezea diski zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Watu wamenunua simu, wanataka harusi zao ziingie kwenye memori kadi. Baba yako alikuwa na chumba kando ya barabara, na kazi hiyo aliijua. Mtu akileta diski, yeye anaitia kwenye kompyuta, anachagua ubora wa picha na wa sauti, anapunguza hapa na pale mpaka faili litoshe kwenye kadi. Mimi nilikaa naye kupokea wateja. Nilikuwa na mimba yako.

Akaja kijana kutoka Mbuchi, Juma jina lake. Mkewe, Tatu, alikuwa amefariki. Uchungu wa kuzaa ulimshika maji yamekupwa, boti ya kumpeleka hospitali ikakwama kwenye tope la mikoko, na maji yalipokuja kujaa, yeye na kitoto chake walikwisha kata roho. Kilichobaki ni diski ya harusi. Juma akaiweka mezani. Nilipoigeuza niliona utando wake wa juu umeanza kubanduka pembeni, kwa unyevunyevu wa kule.

"Ni ya baba mkwe," akasema. "Anataka iwe kwenye simu yake."

Kadi aliyokuja nayo ilikuwa ndogo, na diski ilibeba harusi nzima. Baba yako akanionyesha kwenye kioo: ukiongeza ubora wa picha, faili linanenepa, na usipopunguza kwingine halitoshi. Akapandisha picha. Ubora wa sauti akaushusha mpaka chini kabisa.

"Sauti ya harusi ni ngoma na vigelegele tu," akaniambia. "Mzee anataka kumwona mwanawe."

Hakusema kwa ubaya, mwanangu. Mimi pia niliona ni huruma. Wala hakuinakili kwanza diski nzima kama ilivyo. Aliipunguza moja kwa moja ikiwa inasomwa, maana wateja walikuwa wanasubiri. Mashine ikaguna, ikakwaruza, ikamaliza. Alipoitoa ile diski, kipande cha utando kilibaki ndani ya mashine. Tukatazama mwanzo wa video. Uso wa Tatu ulikuwa safi, hina ya mikononi inaonekana ua kwa ua. Tukamkabidhi Juma kadi yake, tukajiona tumefanya jambo la maana.

Hazikupita siku nyingi, Mzee Mbonde, baba yake Tatu, akaja mwenyewe, Juma amemshika mkono. Ndipo nilipoyaona macho yake. Meupe yote mawili. Mzee wa watu haoni.

Tulimkalisha. Akatoa simu, akamwomba Juma apeleke mbele, pale Tatu alipokuwa akimuaga. Kwenye kioo binti amepiga magoti, midomo inacheza. Mzee akaiweka simu sikioni. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama mtu anayesema ndani ya pipa, na ngoma za nje zimeyameza maneno yote.

"Hapa aliniomba radhi," Mzee akasema. "Alisema mengi, nami nilikuwa nalia, sikumsikia vizuri. Nilitaka nimsikie sasa."

Baba yako akajaribu kila alilolijua. Akaongeza sauti, mkwaruzo ukaongezeka nao. Akairudisha diski kwenye mashine, mashine ikaikataa. Shati lililowa jasho.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilidhani unataka picha."

"Ungeniuliza, mwanangu. Ungemtuma hata huyu Juma aje aniulize. Wenye macho mmemwona Tatu. Mimi mmeniletea kelele."

Hakupaza sauti. Akasimama, akautafuta mkono wa Juma, wakaondoka.

Kesho yake baba yako alifunga chumba akaenda Mbuchi, maana alisikia shangazi yake Juma alipewa nakala nyingine. Alimkuta kwenye mpunga. Nakala yenyewe ilikuwa imetungwa kwenye kamba pamoja na diski nyingine, zinametameta kufukuza ndege. Jua lilikwisha kuiunguza, ukiinyanyua unaona mbingu upande wa pili. Aliifungua kwenye kamba akarudi nayo vivyo hivyo, na haikusomeka.

Mzee Mbonde alifariki masika yaliyofuata. Mkewe alituambia kwamba mpaka mwisho alikuwa akiomba simu iwekwe pale pale, anasikiliza, anatulia, halafu anasema, "Hapana. Sijampata." Baba yako alisikia hayo matangani, akatoka nje. Kazi hakuiacha, tulikuwa na wewe wa kulea, lakini tangu hapo sikumsikia tena akijisifia video yoyote.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akikuletea diski, usiguse kitu kabla hujamuuliza anatafuta nini humo ndani. Na mwenye mali asipokuja mwenyewe, mfuate, au mpigie. Kisha ichukue yote kama ilivyo, uihifadhi, hata kama kompyuta inajaa. Kupunguza utapunguza kwenye nakala. Ukimaliza, itazame na uisikilize mpaka mwisho, usiishie mwanzo tulipoishia sisi. Kadi ikiwa ndogo, mwambie mtu ukweli kwamba ni ndogo. Usimchagulie wewe cha kupoteza, kwa sababu hujui moyo wake umeelekea wapi, na kikipotea hakuna wa kukirudisha.

Nenda kafanye kazi. Mungu akupe subira ya kuuliza na sikio la kusikiliza unachojibiwa, na kila atakayekukabidhi marehemu wake, akuondokee akiwa amempata. Amina.