Nyota Mbili kwa Bluzi Namba Saba

Nitakisema kitabu hiki leo mpaka nichoke, na asiyetaka kusikia maneno makali akae mbali. Ni kitabu cha kuwaongoza wapenzi wa albamu za bluzi na arenbii, muziki wa Wamarekani weusi. Kinene kuliko Biblia ya baba, maandishi madogo ya kuumiza macho. Kila albamu imepewa nyota, kuanzia moja hadi tano, na chini yake mistari mitatu minne ya mtu usiyemjua akikuambia isikilize au achana nayo. Nilikiamini. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikiamini kuliko masikio yangu, na kwa sababu yake nimemfanya baba yangu mzazi afute kaseti aliyokuwa akiicheza na mama.

Nilikipata kule Kaengesa, nilikosoma sekondari ya bweni. Mwalimu mmoja wa kujitolea, mgeni, alipoondoka aliacha sanduku la vitabu. Wenzangu waligombania kamusi. Mimi nikabeba hicho, sijui hata kwa nini, labda kwa zile picha za wanawake wenye nywele za kupendeza. Miaka ikapita, nikapata kazi ya utangazaji kwenye redio moja ndogo mjini Sumbawanga, nikapewa saa moja kila Jumamosi mchana: bluzi na arenbii. Nikakikumbuka. Nikakitoa chini ya kitanda chumbani kwangu Kizwite, nikakipangusa vumbi, kazi ikaanza.

Na kazi yenyewe ilikuwa wizi mtupu, wacha niseme. Nasoma Kiingereza chake, naweka Kiswahili, naongeza madoido, natoa hewani kama maoni yangu. "Hapa, msikilizaji, mpiga gitaa amesinzia kidogo." Amesinzia wapi? Sijawahi kumsikia! Albamu nyingi sikuwahi kuona hata majalada yake. Watu walinisifu barabarani. "Dada, muziki unaujua, balaa!" Mimi nachekacheka tu. Mara mojamoja nilikuwa naipata albamu yenyewe mtandaoni, naona kitabu kimekosea: kinasema nyimbo kumi, nahesabu tisa, kinasema wimbo wa kwanza ni wa majonzi, nasikia watu wanapiga makofi na vigelegele. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nikajiambia mtandao ndio uliokosea.

Sasa nije kwenye kaseti. Nyumbani kwetu Msanzi kulikuwa na kaseti moja ambayo mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua mjini zamani hizo kwa fundi wa kurekodi kaseti. Fundi hakuwa na habari na jina la albamu wala la mwimbaji. Alinakili kutoka kaseti nyingine, akaandika kwa kalamu juu yake: BLUZI KALI NA. 7. Mashine yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo mwimbaji alitoka na sauti nzito, ya taratibu, mwanamke anayeimba kama ana mchana mzima wa kuimba. Sisi hatukujua kwamba ni mashine. Tulijua ndivyo alivyo.

Wimbo wa mwisho, upande wa pili, ulikuwa wa mama. Kiitikio chake ni Kiingereza, ila mama yangu, ambaye Kiingereza kilimpitia mbali, alisikia wazi kabisa: "Leta unga, leta unga." Nyumba nzima ikauita Leta Unga. Jumapili baada ya misa, maharage yakiwa bado jikoni, baba anaweka kaseti, mama anaacha mwiko, wanacheza palepale sebuleni, mama akimkanyaga baba na kumlaumu kwamba miguu yake ndiyo mirefu mno. Sisi watoto tunaitikia kwa nguvu: leta unga! Mama alipofariki, baba hakucheza tena. Lakini kila Jumapili aliuweka ule wimbo, akakaa, akausikiliza mpaka mwisho.

Basi Jumamosi moja nikaja na kipengele kipya cha kufungia kipindi: albamu za kuepuka. Shetani gani alinituma, sijui. Nikafungua kitabu, nikakuta moja ina nyota mbili. Nikasoma jina la mwimbaji, nikasoma majina ya nyimbo zote kwa Kiingereza changu cha redio, kisha nikatoa hukumu: anaimba mbiombio, hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi, na wimbo wa mwisho ndio mbaya kupita zote. "Usipoteze muda wako, msikilizaji." Nikacheka hewani, kile kicheko cha mjuaji.

Kule Msanzi, baba alikuwa anasikiliza. Hakukosa hata Jumamosi moja, na majirani aliwaita: njooni, binti yangu yuko hewani. Na baba Kiingereza anakijua. Alijua siku zote kiitikio kile kinasema nini hasa. Alimwachia tu mama unga wake. Kwa hiyo niliposoma jina la wimbo wa mwisho, yeye akautambua palepale. Mimi sikuutambua. Mimi niliujua kwa jina la mama, na jina hilo kitabuni halimo.

Wiki mbili baadaye nikaenda kumsalimia, Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Karibu, karibu mtangazaji."

Tukala. Muda wa kaseti ukafika, ukapita. Nikamuuliza mbona leo hatusikii Leta Unga.

"Ile? Si ulisema mwenyewe haina maana," akajibu, kwa upole kabisa.

"Nilisema lini?"

Akanitajia jina la wimbo kwa Kiingereza, taratibu, kama anamsomea mtoto imla. Ndio ule niliousoma hewani, wa nyota mbili.

"Mimi mwalimu wa darasa la tatu nitajua nini kuhusu muziki?" akaendelea. "Wewe ndiyo kazi yako. Nikaona nisiiache bure. Yalipokuja marudio ya Jumanne, nikarekodia humo kipindi chako."

Nikaichukua kaseti. Vile vitobo viwili vya juu, vinavyoachwa wazi ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, alikuwa ameviziba kwa karatasi iliyokunjwa vizuri. Haikuwa bahati mbaya. Nikapandwa na hasira, nikamfokea baba yangu, Mungu anisamehe. "Masikio yako yalikuwa wapi, baba? Miaka yote hiyo unaupenda, halafu mtu mmoja tu kwenye redio anasema ni mbaya, unaufuta?"

"Siyo mtu mmoja," akasema. "Ni wewe."

Khaa! Nikatoa simu, nikazunguka uani kutafuta mtandao, nikaipata albamu, nikairudisha sebuleni kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Nikabonyeza. Akatoka mwanamke mwenye sauti nyembamba, anaimba mbiombio, anahema. Kitabu kilisema kweli! Nyota mbili zile ilistahili, hata nukta haikukosewa, na ndiyo maana nakichukia zaidi. Kilikuwa sahihi kuhusu albamu ambayo nyumbani kwetu haikuwahi kuingia. Baba alisikiliza nusu ya wimbo, akatikisa kichwa. "Huyu ni mwingine. Wetu hana haraka." Nikajaribu kuupunguza mwendo kwenye simu, ukatoka kama mlevi anayeongea na ukuta. Nikazima.

Kwa hasira tu nikaitia kaseti kwenye redio, nikausogeza upande wa pili karibu na mwisho, nisikie mwenyewe nilivyosema. Nikajisikia. Sauti tamu, haina wasiwasi wowote. Anaimba mbiombio. Hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Usipoteze muda wako, msikilizaji. Halafu kile kicheko.

Kisha, tk, kipindi kimekwisha, na siku ile ya kurekodi baba alibonyeza kuzima hapo, lakini kaseti ilikuwa bado na kipande. Yule mwanamke akaingia katikati ya neno, mzito, taratibu: "...unga, leta unga, leta unga..." Mara tatu, labda nne. Mkanda ukaisha.

Baba alikuwa ameshasimama. Mkono mmoja aliuinua kidogo, usawa wa bega la mama.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha. Kipande chenyewe kifupi, huwezi kukipatia palepale; ukikosea unakuta mkanda umeisha, kwa hiyo inabidi uanzie nyuma. Mpaka leo ndivyo anavyofanya kila Jumapili. Ili aufikie unga wa mama, baba yangu anakaa kwanza asikilize kicheko changu.