Koti la Kusimikwa

Tangu wamzike mdogo wake, fundi cherehani alifungua duka kila asubuhi kwa sala ile ile: Bwana, mlete hapa.

Bwana akamleta. Msimamizi wa kiwanda cha magodoro, aliyewafungia wafanyakazi kwa kufuli wasitoketoke, moto ukawakuta humo, mdogo wake akiwemo. Uchunguzi ulisema ni ajali. Sasa angesimikwa mzee wa kanisa, akataka koti jeusi. Hakujua anapimwa na dada wa marehemu.

"Wifi," alinong'ona mjane wa mdogo wake, mkononi ana vifungo vya koti, "mgongo uache na bandi tu. Akiinua mikono kuapa, lipasuke hadi kiunoni."

"Na shati?"

"Shati niachie mimi. Wembe ninao."

Wakacheka hadi machozi, na machozi yakakataa kukoma.

Fundi akaacha bandi, uzi wa kushikizia usiohimili hata chafya. Siku tatu roho yake ilikuwa nyeupe. Ya nne akasoma habari za Daudi pangoni, Sauli akiingia peke yake, na Daudi akakata pindo la vazi tu. Wahubiri husema ile ni huruma. Fundi aliona jingine. Pango ni moyo wangu, aliwaza. Adui kaingia, hajui nimo. Nikimkata gizani, nitabaki humu humu. Daudi alitoka nje, akamwita kwa sauti, pindo mkononi. Nguvu ilikuwa pale kwenye kutoka.

Siku ya kujaribu, msimamizi alisimama mikono ameitanua, pini kila upande.

"Mama fundi, kwapani panabana."

"Tulia, mzee, zitakuchoma." Akavuta bandi ya mgongo, uzi wote ukatoka. Akamwonyesha. "Hii ilikuwa ikuaibishe madhabahuni. Nimeghairi. Mimi ni dada wa kijana wa mashine ya sponji. Huyu ni mkewe. Kufuli ulifunga wewe, kwa mkono huu."

"Dada yangu, uchunguzi…"

"Sijakuuliza uchunguzi. Jumapili mchungaji atauliza nani ana pingamizi. Nitasimama. Nitasema mlango ulikuwa upi, na ufunguo ulikuwa mfuko gani."

Msimamizi akageuza shingo, pini ikamchoma, asithubutu kuguna. Mjane hakuinua macho, ila sindano yake ilikuwa imesimama.

"Na… koti?" msimamizi akauliza, jasho likimtiririka.

"Njoo Jumamosi," fundi akasema, akimchomoa pini moja moja bila haraka. "Nitalishona kwa uzi wa nguvu. Nataka siku hiyo watu wakutazame uso."